Homa Isiyongoja Majibu ya Maabara

Mgonjwa wa saratani anayepewa dawa za kemo huambiwa jambo moja kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani: akipata homa, arudi hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, hata kama hajisikii vibaya sana. Akifika atatolewa damu ya kupima, kisha atatundikiwa dripu ya antibiotiki kali kabla maabara haijasema ni kimelea gani kimemwingia. Mara nyingi maabara haitasema kamwe. Kwa mtu aliyezoea kwamba dawa hutolewa baada ya majibu ya vipimo, utaratibu huu unaonekana kuwa wa pupa. Lakini ulichukua zaidi ya miaka 50 kupatikana, na katika miaka hiyo walikufa wagonjwa wengi, wakiwemo watoto wengi, ambao dawa ya saratani ilikuwa imeanza kuwafaa.

Ili tuelewe ilivyokuwa hivyo, tuanze na mwili wenyewe. Ndani ya mifupa mna uboho, na humo ndimo chembe za damu huzaliwa usiku na mchana. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, na chembe sahani, ambazo huzuia damu isivuje, huishi siku nane hadi kumi. Nyutrofili ni chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kumeza bakteria na kuvu na kuwaua, nazo hukaa katika damu kwa saa chache tu, kisha huingia katika nyama za mwili na kufia huko. Kwa sababu ya uhai huo mfupi, uboho wa mtu mzima hulazimika kuzalisha nyutrofili zipatazo bilioni 100 kila siku. Dawa nyingi za kemo huua chembe zinazogawanyika haraka, na hazichagui kati ya chembe za uvimbe na chembe changa za uboho. Mambo huwa kama kwa mkulima ambaye kitalu chake kimeungua: miche aliyokwisha kuihamishia shambani huendelea kustawi, na pengo huonekana baadaye, wakati wa kupanda awamu inayofuata. Kwa dawa nyingi pengo hilo hufika kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, yaani wakati mgonjwa yuko nyumbani na kichefuchefu kimekwisha kupungua.

Dawa hizo hizo huharibu pia ngozi laini ya mdomo na ya utumbo, kwa kuwa nayo hujijenga upya kila baada ya siku chache. Vidonda vya mdomoni mgonjwa huviona na kuvilalamikia, lakini vya utumboni havioni, na utumbo ndio makazi ya bakteria wengi kuliko mahali pengine popote mwilini. Basi kwa wakati mmoja walinzi hupungua na ukuta hutoboka.

Kwamba chembe nyeupe ni walinzi, jambo hilo lilijulikana kabla ya karne ya 20. Mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicily, Mrusi Ilya Metchnikoff aliwachoma miiba viluwiluwi wa kiti cha pwani, akaona chembe zikikusanyika kuuzunguka mwiba, akakisia kwamba ndivyo mwili unavyowakabili wavamizi. Huko Ujerumani Paul Ehrlich alikuwa amebuni rangi za kutofautisha chembe nyeupe za aina mbalimbali chini ya darubini. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Kisha mwaka 1922 Werner Schultz wa Berlin akaeleza kisa cha wagonjwa waliopata homa kali na vidonda vya koo vilivyooza, wakafa kwa siku chache, huku nyutrofili zikiwa zimetoweka katika damu yao. Miaka ya 1930 ilibainika kwamba baadhi ya visa hivyo vilisababishwa na dawa ya maumivu iliyoitwa amidopirini. Kwa hiyo, kabla kemo haijakuwapo, madaktari walikuwa wamekwisha kuona dawa ikiziondoa chembe nyeupe na mgonjwa kuuawa na bakteria wa mwili wake mwenyewe. Somo hilo lilibaki katika vitabu vya magonjwa adimu, na waliotengeneza dawa za saratani hawakulichukua.

Dawa zenyewe zilitoka vitani. Mwezi Julai 1917, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilirusha makombora yenye gesi ya haradali, kemikali iliyobabua ngozi, macho na mapafu. Mwaka 1919 Edward na Helen Krumbhaar, Wamarekani waliowatibu majeruhi wa gesi hiyo nchini Ufaransa, waliandika jambo ambalo halikuonekana kwa macho: majeruhi walioishi siku kadhaa walipungukiwa sana chembe nyeupe, na waliokufa walikutwa na uboho uliokauka. Watu walikuwa wamechoka na habari za vita, na taarifa yao haikusomwa sana.

Ilisomwa vita vya pili vilipofika. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, wataalamu wa dawa Louis Goodman na Alfred Gilman walipewa na serikali kazi ya siri ya kuchunguza kemikali za jamii ya haradali. Walifikiri hivi: kama sumu hii huyeyusha chembe nyeupe na tezi za watu wenye afya, huenda ikayeyusha pia saratani inayotokana na chembe hizo. Baada ya kujaribu kwa wanyama, wao na daktari mpasuaji Gustaf Lindskog walimdunga mgonjwa wa kwanza tarehe 27 Agosti 1942. Alikuwa mwanamume mwenye uvimbe mkubwa wa tezi za shingo na taya, ambao mionzi ilikuwa imeshindwa kuuzuia. Uvimbe ulinywea kwa siku chache. Chembe nyeupe nazo zikaporomoka karibu kuisha. Uvimbe uliporudi dozi zikarudiwa, na mwezi Desemba mwaka huo huo mgonjwa alifariki.

Masimulizi mengi husema kwamba kemo ilizaliwa katika bandari ya Bari, kusini mwa Italia. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1943 ndege za Ujerumani zilishambulia meli zilizotia nanga hapo, na mojawapo, John Harvey ya Marekani, ilikuwa imebeba kwa siri mabomu 2,000 ya gesi ya haradali. Mabaharia waliruka katika maji yaliyochanganyika na mafuta na sumu. Zaidi ya watu 600 walilazwa, na 83 kati yao walifariki hospitalini, bila kuhesabu raia wa mji ambao hawakuandikwa ipasavyo. Daktari wa jeshi Stewart Alexander, aliyetumwa kuchunguza, ndiye aliyetambua kwamba ilikuwa haradali, na katika taarifa yake alieleza jinsi chembe nyeupe za majeruhi zilivyotoweka. Kisa hicho kinasisimua, lakini tarehe hazikiungi mkono kama mwanzo: mgonjwa wa Yale alikuwa amekwisha kutibiwa na kuzikwa mwaka mmoja kabla. Bari ilithibitisha kwa watu wengi kile ambacho Yale ilikuwa imekiona kwa mmoja, na iliwaongezea hoja wakubwa wa jeshi walioendelea na utafiti baada ya vita. Taarifa za Yale zilitolewa hadharani mwaka 1946, siri ilipofunguliwa.

Nionavyo, neno kubwa katika simulizi hii ni lile ambalo husemwa haraka. Kupungua kwa chembe nyeupe hakukugunduliwa baadaye kama madhara ya dawa. Ndiko kulikotangulia, na ndiko kulikomfanya mtu afikiri kwamba hii inaweza kuwa dawa. Hatari na tiba zilionekana katika tone moja la damu.

Mwaka 1948 Sidney Farber wa hospitali ya watoto ya Boston alichapisha habari za watoto 16 wenye saratani ya damu aliowapa aminopterini, dawa inayozuia kazi ya vitamini ya foleti. Watoto 10 walipata nafuu, ya wiki au miezi, katika ugonjwa ambao hapo kabla ulikuwa ukiua karibu kila mtoto. Dawa nyingine zikafuata upesi. Kadiri zilivyoongezeka nguvu ndivyo maswali yalivyobadilika: swali la zamani lilikuwa kama saratani inaweza kurudishwa nyuma, na swali jipya likawa kama mgonjwa ataishi muda wa kutosha ili airudishe nyuma.

Swali hilo liliulizwa kwa ukali kuliko kwingine katika kituo cha tiba cha Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, Bethesda, kilichofunguliwa mwaka 1953. Emil Frei na Emil Freireich walifika hapo mwaka 1955, wakakuta wodi ya watoto ambamo mito na shuka zililowa damu, kwa sababu chembe sahani zilikuwa zimeisha na watoto walivuja puani, kinywani na tumboni. Freireich, mtu mbishi ambaye wakubwa wake hawakumpenda sana, alionyesha kwamba kuwapa watoto hao chembe sahani mpya zilizotoka kwa watu wenye afya kulizuia kuvuja. Hapo adui wa pili akajitokeza wazi. Watoto ambao zamani wangekufa kwa kuvuja damu sasa waliishi siku za kutosha hadi kufikia siku za maambukizi. Mwaka 1965 wenzake walipochapisha sababu za vifo vya wagonjwa 414 wa saratani kali ya damu waliotibiwa kati ya 1954 na 1963, vifo vya kuvuja damu vilikuwa vinapungua na maambukizi yalikuwa mbele.

Vimelea vyenyewe navyo vilibadilika. Katika miaka ya 1950 muuaji mkuu alikuwa Staphylococcus, bakteria wa ngozi na pua, ambaye alikuwa amekwisha kujifunza kuishinda penisilini. Kufikia mwaka 1960 methisilini ilikuwa imepatikana, na Staphylococcus akarudi nyuma. Nafasi yake ilichukuliwa na bakteria wa utumboni na wa majimaji, hasa Escherichia coli, Klebsiella na Pseudomonas. Huyu wa mwisho hupenda mahali palipo na maji: mabomba, sinki, vyombo vya maua, mashine za kupumulia. Mgonjwa asiye na nyutrofili akiingiwa na Pseudomonas katika damu, mara nyingi alikufa ndani ya siku mbili au tatu, na majibu ya kuotesha damu yake yalichukua siku hizo hizo kutoka. Karatasi ya maabara ilifika wodini kitanda kikiwa kimekwisha kutandikwa upya.

Mwaka 1966 Gerald Bodey, aliyefanya kazi pamoja na Freireich, alichapisha utafiti ambao wauguzi wa wodi za saratani bado wanaufuata hata kama hawajui jina lake. Aliwafuatilia wagonjwa 52 wa saratani kali ya damu, akalinganisha idadi ya chembe zao na siku walizopata maambukizi. Chembe zilipokuwa juu ya 1,000 katika kila maikrolita ya damu, maambukizi yalikuwa machache. Ziliposhuka chini ya 1,000 yaliongezeka, chini ya 500 yakaongezeka zaidi, na chini ya 100 yakawa mabaya kabisa. Aliona pia kwamba siku zina uzito kama idadi: kadiri upungufu ulivyodumu ndivyo uwezekano wa kuambukizwa ulivyokaribia kuwa hakika. Kabla ya hapo daktari alijua kwamba mgonjwa wake yuko hatarini. Baada ya hapo aliweza kusema hatari hiyo ni kubwa kiasi gani, na itaanza siku ipi.

Jibu lilitegemea kwanza maelezo ya mahali vimelea vinakotoka, nayo yalikuwa mawili.

Maelezo ya kwanza yalisema vinatoka nje: katika hewa ya hospitali, chakula, na mikono ya wahudumu. Walioamini hivyo walijenga vyumba ambamo hewa ilichujwa na kusukumwa upande mmoja tu, na kabla ya hapo vitanda vilivyofunikwa kwa mahema ya plastiki, ambamo muuguzi aliingiza mikono kupitia glavu zilizoshonwa ukutani. Chakula kilichemshwa hadi kikapoteza ladha. Mgonjwa alimezeshwa antibiotiki chungu zisizofyonzwa na utumbo, ili kuua kila kilichoishi humo. Maelezo ya pili yalisema hayo yote ni kufunga mlango mwizi akiwa ndani, kwa kuwa vimelea vinavyoua ni vile ambavyo mgonjwa anavyo tayari.

Ushahidi uliokusanywa Baltimore mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulizipa pande zote mbili haki kwa sehemu. Vimelea vingi vilivyoingia katika damu vilikuwa vimekwisha kuonekana kooni au kinyesini mwa mgonjwa kabla ya homa, kama upande wa pili ulivyodai. Lakini karibu nusu ya hivyo mgonjwa hakuja navyo kutoka nyumbani. Alivipata hospitalini, vikakaa mwilini kimya, kisha vikavuka ukuta uliotoboka chembe ziliposhuka. Kutokana na hayo, vyumba vya hewa safi vilipunguza maambukizi lakini havikuongeza sana idadi ya waliopona saratani, navyo vilikuwa ghali mno, huku kunawa mikono kukabaki na thamani yake. Kanuni ya kupika kila kitu iliendelea kwa mazoea hadi mwaka 2008, ambapo utafiti wa Houston uliwagawa wagonjwa wa saratani ya damu katika makundi mawili, moja likala matunda na mboga mbichi na jingine vilivyopikwa tu, na maambukizi makubwa yakalingana. Wodi nyingi bado zinakataza kachumbari.

Njia nyingine ilikuwa kurudisha walinzi. Mhandisi wa kampuni ya IBM, George Judson, ambaye mwanawe alikuwa na saratani ya damu, alijitolea kushirikiana na Freireich katika kutengeneza mashine ya kutenganisha chembe za damu zinapozunguka, na katikati ya miaka ya 1960 mashine hiyo ilianza kutumika. Baadhi ya wagonjwa walipewa chembe nyeupe za watu wenye aina nyingine ya saratani ya damu, ile inayozizalisha kupita kiasi. Wazo lilikuwa la ujasiri na mashine ilileta faida nyingine nyingi, lakini nyutrofili ni chembe za saa chache, na kumlisha mgonjwa kiasi cha kutosha kila siku kwa wiki mbili hakukuwezekana ila kwa wachache.

Iliyoshinda ni njia iliyoonekana duni kuliko zote: kuwahi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 palikuwa na dawa mbili zilizoweza kumuua Pseudomonas, jentamisini na kabenisilini. Mwaka 1971 Stephen Schimpff na wenzake wa Baltimore walichapisha matokeo ya utaratibu ambao wengi waliuona kuwa ukiukaji wa elimu ya tiba. Kila mgonjwa wa saratani mwenye nyutrofili chache akipata homa, alitolewa damu ya kuoteshwa, na papo hapo akaanzishiwa dawa zote mbili, bila kungoja. Wagonjwa wengi waliokuwa na Pseudomonas, ambao kwa uzoefu wa zamani wangekuwa maiti, waliishi.

Wapinzani hawakuwa wajinga. Walisema homa inaweza kuletwa na saratani yenyewe au na damu ya kuongezewa, na kwamba kumpa dawa kali mtu asiye na bakteria ni kumdhuru figo na masikio bure. Walisema pia kwamba dawa zikimwagwa ovyo bakteria watazizoea, na kwa hilo wakati umewapa haki. Jibu la Baltimore lilikuwa katika hesabu ya siku: anayengoja uhakika huupata baada ya mazishi. Jibu la pili lilikuja mwaka 1975, madaktari wa huko walipoeleza jinsi maambukizi yanavyoonekana katika mwili usio na nyutrofili. Usaha ni nyutrofili zilizokufa, kwa hiyo pasipo nyutrofili hapana usaha. Mtu ana homa ya mapafu bila makohozi, ana maambukizi ya figo bila usaha katika mkojo, ana kidonda kibaya karibu na njia ya haja kubwa na hakijavimba. Dalili zote ambazo daktari amefundishwa kuzitafuta zimetengenezwa na chembe ambazo mgonjwa huyu hana. Homa peke yake ndiyo hubaki.

Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya historia hii mapema. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago mjini Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto ambao sasa una jina lake. Uvimbe huo hukua kwa kasi ya ajabu, na kwa sababu hiyo hiyo huyeyuka upesi ukipigwa na kemo, hasa siklofosfamidi, dawa iliyotokana na ukoo wa ile haradali ya Ypres. Mwaka 1967 kituo cha tiba kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano na taasisi ya Bethesda, chini ya John Ziegler, nacho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wamarekani walipoondoka mwaka 1972 wakati wa Idi Amin, Charles Olweny alishika uongozi. Huku kwetu kanuni ya homa ilikutana na kikwazo ambacho Baltimore haikuwa nacho, yaani malaria. Mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria katika damu bila kuugua kutokana navyo, hivyo kipimo chenye majibu ya ndiyo hakiondoi uwezekano wa bakteria. Mzazi anayempa mtoto wa kemo dawa ya malaria na panadoli, kisha akasubiri kesho, anafanya kile alichofundishwa na kila zahanati maisha yake yote.

Baada ya 1971 kazi iliyobaki ilikuwa ya kunyoosha kanuni. Walter Hughes wa Memphis alionyesha mwaka 1977 kwamba dawa rahisi, ile tunayoiita septrini, inaweza kuzuia homa ya mapafu inayoletwa na Pneumocystis. Kati ya watoto 80 waliopewa vidonge visivyo na dawa, 17 waliipata. Kati ya 80 waliopewa septrini, hakuna. Philip Pizzo wa Bethesda alishughulikia wale ambao homa yao haikushuka hata baada ya wiki ya antibiotiki. Mwaka 1982 alionyesha kwamba wakiongezewa amfoterisini, dawa ya kuvu iliyopatikana katika udongo wa mto Orinoco huko Venezuela, maambukizi mapya yalipungua. Wagonjwa waliichukia kwa sababu ya kutetemeka na homa iliyowaletea, lakini kuvu zilikuwa zikingoja nyuma ya bakteria, kama bakteria walivyongoja nyuma ya kuvuja damu.

Katika miaka hiyo hiyo utafiti wa aina nyingine ulikuwa ukiiva mbali na wodi. Katikati ya miaka ya 1960, Leo Sachs nchini Israeli na Donald Metcalf pamoja na Ray Bradley huko Melbourne waligundua, kila upande bila kuutegemea mwingine, jinsi ya kuotesha chembe za uboho maabarani, wakaona kwamba hazikui bila kichocheo fulani. Kichocheo cha nyutrofili cha binadamu kilisafishwa mwaka 1985 na jeni yake ikapatikana mwaka 1986. Jeni hiyo ilipandikizwa ndani ya Escherichia coli ili akitengeneze kichocheo hicho kwa wingi, hivyo mmoja wa wauaji wakongwe wa wagonjwa hawa akawa mfanyakazi wa kiwanda cha dawa yao. Dawa iliyopatikana hivyo, filgrastimu, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1991. Katika jaribio lililotangulia idhini, kwa wagonjwa wa aina moja ya saratani ya mapafu, asilimia 77 ya wasiopewa dawa hiyo walipata homa yenye upungufu wa nyutrofili angalau mara moja, na kwa waliopewa ilikuwa asilimia 40. Kama dawa hiyo hupunguza pia vifo, wataalamu wamebishana kwa muda mrefu. Inapunguza homa na siku za kulazwa, na humwezesha daktari kutopunguza dozi ya kemo, lakini tofauti ya vifo si kubwa wala si dhahiri kama tofauti ya homa.

Miaka ya mwisho ya karne ilileta utulivu wa kiasi, na pamoja nao ujasiri wa kulegeza. Tafiti mbili za mwaka 1999, moja ya Marekani na nyingine ya Ulaya, zilionyesha kwamba wagonjwa wenye hatari ndogo wanaweza kutibiwa kwa vidonge badala ya dripu. Mwaka 2000 Jean Klastersky wa Brussels na wenzake wa nchi mbalimbali walitoa alama za kupima nani ni nani: afikishaye 21 au zaidi kati ya 26 yuko katika hatari ndogo. Kipimo kama hicho kilihitajika kwa sababu homa hii si moja. Uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 41,000 waliolazwa katika hospitali za Marekani kati ya 1995 na 2000 ulikuta kwamba karibu 1 kati ya 10 alifariki. Kwa wasio na ugonjwa mwingine mkubwa vifo vilikuwa chini ya asilimia 3, na kwa wenye zaidi ya mmoja vilipita asilimia 20.

Wakati huo huo onyo la wapinzani wa 1971 lilikuwa likitimia. Mipira ya kudumu iliyowekwa katika mishipa mikubwa ya kifua kuanzia miaka ya 1970 iliwarudisha bakteria wa ngozi. Mwaka 2005 ilithibitishwa kwamba levofloksasini ikitolewa mapema hupunguza homa, lakini wodi zilizoitumia sana ziliona bakteria wakiizoea. Sasa kuna Klebsiella ambao hawasikii hata dawa za akiba. Kanuni ya Schimpff inasema anza dawa kabla ya majibu, lakini haikusema dawa hiyo itakuwa ipi milele. Ilifanya kazi Baltimore kwa sababu madaktari wa Baltimore walikuwa wameotesha damu ya wagonjwa wao kwa miaka na kumjua adui wa wodi yao. Hospitali ambayo haioteshi damu huchagua dawa kwa orodha ya bakteria wa Houston au Brussels, na bakteria wa Mwanza au Mombasa si lazima wawe hao.